Sauti ndogo, wanafunzi 64 na swali lililokosa jibu

*"Jambo sana Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, biolojia na kemia, katika chuo cha ualimu hapa Lubumbashi. Mwezi ujao naingia staji ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ya Katuba, darasa lenye wanafunzi 64. Nina miaka 22 na sauti yangu ni ndogo. Mwaka jana, tulipokuwa kwenye staji ya kuangalia tu, mwalimu wa darasa alinipa somo moja nilifundishe: kuchemka kwa maji. Mvulana mmoja akauliza: 'Mwalimu, mjomba wangu anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda. Anasema maji ya hapa yanachemka kwa digrii 96, na wewe umeandika 100. Nani anasema kweli?' Sikujua. Nilimwambia aandike kilicho ubaoni. Darasa zima likacheka. Baadaye yule mwalimu akaniambia kwamba mwalimu wa sayansi haonyeshi kuwa hajui, na darasa kubwa linaongozwa kwa sauti na fimbo. Shule ile haina maabara. Je, uongozi ni kipaji ambacho mtu anazaliwa nacho? Naweza kujifunza katika wiki nne zilizobaki, ama nibadilishe njia mapema?"*

Mwanangu, nianze na maji yenyewe, maana naona ndiyo bado yanakuunguza. Mjomba wa yule mvulana anasema kweli, na kitabu chako nacho kinasema kweli, ila kitabu kinazungumzia mtu aliye usawa wa bahari. Maji yanachemka pale mvuke wake unapopata msukumo wa kutosha kushindana na hewa iliyoyalalia. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni pungufu kuliko iliyo juu ya mtu wa Moanda, kule pwani, kwa hiyo inakandamiza kidogo, na maji yanachemka mapema, kwenye digrii 96 hivi. Bukavu, ambako ni mita 1,500 hivi, ni kama digrii 95. Ndiyo maana maharagwe yale yale yanachelewa kuiva Bukavu kuliko Moanda, na kumwaga makala, yaani makaa, mengine kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, hakusaidii kuyafanya maji yawe ya moto zaidi. Yanakauka haraka tu.

Unaona lilivyokuwa swali zuri? Shinikizo la hewa, kimo, kuchemka, mpaka sufuria ya mama, yote yalikuwa ndani yake. Mvulana yule alikuletea zawadi.

Kuhusu kicheko, nimekaa nyuma ya madarasa ya wanafunzi wa staji miaka mingi, na kicheko cha namna hiyo nakijua. Kinatoka pale mtoto analeta kitu cha kweli kutoka kwao, na mwalimu anakiogopa. Watoto wanauona woga huo upesi kuliko tunavyodhani. Kama ungekuwa umesema "sijui, lakini nataka kujua, tutafute wote," nina hakika wachache sana wangecheka, na wewe usingekuwa unaniandikia leo ukifikiria kuacha. Kwa hiyo ushauri wa kwanza uliopewa, kwamba mwalimu wa sayansi haonyeshi kuwa hajui, nakuomba uuweke pembeni. Najua aliyekupa hakukuwazia mabaya. Wengi wetu tulifundishwa hivyo na waliotufundisha. Lakini kwa sayansi ni ushauri wenye madhara, kwa sababu sayansi yote imejengwa na watu waliosema sijui, kisha wakaenda kupima.

Sisi wa Kiswahili tuna kisa chetu wenyewe cha jambo hili, na natamani kila chuo cha ualimu kingekisimulia. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida walichemsha maziwa pamoja na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inajaa, naye akaogopa kuikosa, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Miaka michache baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akauliza tena, na wenzake wakamcheka. Osborne naye hakuwa na jibu, ila alirudi Dar es Salaam akalijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana jambo hilo linatokea lini na kwa nini, na dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba.

Mwalimu wa kwanza na yule mgeni waliulizwa kitu kimoja, na wote wawili hawakujua. Tofauti yao ndiyo uongozi unaoniuliza.

Sasa, kusema sijui kuna ufundi wake, la sivyo darasa litaona umekuja mikono mitupu. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu hivi. Kwanza rudia swali kwa sauti ili wote 64 walisikie, na mtaje aliyeuliza kwa jina. Halafu liandike kwenye kona ya ubao, upande wa juu kulia, mahali pasipofutwa. Kisha sema ni sehemu gani unaijua na ni ipi huijui. Mwishoni toa siku: "Alhamisi tutalirudia." Na Alhamisi hiyo ulirudie, hata kama ulichopata ni nusu ya jibu. Ukikosa hapo, kona ile ya ubao inageuka kaburi la maswali, na hawatakuuliza tena. Ukiitimiza mara mbili tu, utashangaa jinsi watakavyokusikiliza. Tena lazima uwe umejua sehemu kubwa ya somo lako. Sijui moja kwa wiki inajenga, lakini ukisema sijui tano kwa saa moja, basi hukujiandaa, na hapo darasa lina haki ya kukulalamikia.

Tuje kwenye sauti na fimbo. Unafikiri kelele za darasa kubwa zinatokana na mwalimu mwenye sauti ndogo. Nimeona walimu wenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto wakifundisha ndani ya makelele, na nimeona mama mmoja mfupi, anayezungumza taratibu kama yuko jikoni kwake, akiongoza watoto zaidi ya 70 bila shida. Kelele zinaanza pale wengi hawana la kufanya. Hebu hesabu: ukiuliza swali na mmoja akajibu, 63 wamepumzika. Ukigeuka kuandika ubaoni dakika sita, wote 64 wamepumzika. Kijana wa miaka 16 aliyepumzika dakika sita atajitafutia kazi, na kazi iliyo karibu ni jirani yake. Ukipaza sauti juu ya kelele, wao nao wanapandisha zao, na wewe peke yako ndiye utakayekauka koo ifikapo saa sita.

Kwa hiyo usishindane nao. Simama mahali pamoja, karibu na safu za katikati na si nyuma ya meza, nyamaza, na uwatazame. Anza kusema ukiwa umepata utulivu, na sentensi ya kwanza iwe fupi. Kila siku fungua somo kwa njia ile ile: swali moja ubaoni kabla hawajaketi, kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari ndani ya dakika tatu, bila kuongea. Siku ya kwanza nusu hawatafanya. Siku ya nne watakuwa wanalitafuta swali wanapoingia. Majina nayo ni nguvu kubwa kuliko koo: omba orodha ya darasa mapema, chora mchoro wa viti, na usiku wa kwanza ujifunze majina ya safu mbili. "Wewe kule nyuma" haimgusi mtu, lakini jina la mtoto likitamkwa kwa sauti ya kawaida linamfikia hata ukutani.

Fimbo usiishike. Mtoto anayeogopa kupigwa anajifunza kuficha, na kitu cha kwanza anachoficha ni kwamba hajaelewa. Ukishafika hapo huna tena namna ya kujua somo lako limeingia ama halikuingia. Najua uko katika hali ngumu, kwa sababu mwalimu wa darasa ndiye atakayekupa pointi. Usibishane naye mbele ya watoto, na usimhubirie. Mfuate pembeni umwambie: "Mwalimu, naomba wiki ya kwanza nijaribu bila fimbo, na wewe ukae nyuma unitazamie ni wapi darasa linaniponyoka." Umemheshimu na umempa kazi ya maana, na wengi wakiombwa hivyo wanakubali.

Kuna kitu kidogo ambacho nakipenda kuliko vyote katika ufundishaji, nacho ni kusubiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu wa sayansi wanangoja baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Halafu mwalimu anamwita mwingine, au anajijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliokuwa wanasema "sijui" wakapungua, na wale wanaohesabiwa kuwa wazito wakaanza kujibu. Kwetu hapa sababu ya kusubiri ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto wa Katuba analisikia swali kwa Kifaransa, analifikiri kwa Kiswahili, kisha inabidi arudishe jibu kwa Kifaransa. Sekunde moja haimtoshi hata kuvuka kwenda, sembuse kurudi. Uliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ndipo uite jina. Utaona kimya kinakutesa. Kivumilie, maana ndani ya kimya hicho ndimo wanamofikiri.

Na hapa nisimame kidogo kwenye lugha, kwani walimu wengi wanaichukulia kama kosa la mtoto. Mtihani wa Serikali unafanywa kwa Kifaransa, na huna budi kuwaandaa kwa huo. Lakini angalia neno letu "nguvu". Mtoto anasema pili za tochi zimeishiwa nguvu, gari lina nguvu, jiwe limeanguka kwa nguvu. Katika Kifaransa cha darasani hivyo ni vitu vitatu: *énergie*, *puissance*, *force*, na kila kimoja kina kipimo chake: juli, wati, nyutoni. Mtoto anayevichanganya si mjinga. Amebeba neno moja lililomtosha maisha yake yote mpaka alipofika kwako. Ni vivyo hivyo kwa "joto", linalobeba *chaleur* na *température* kwa pamoja, na nina hakika somo lako la maji liliteleza hapo pia: maji yanayochemka yanaendelea kupokea *chaleur* kutoka kwenye makala huku *température* imesimama. Ukiwaachia wabishane kwa Kiswahili dakika nne, kisha mkaandika hitimisho pamoja kwa Kifaransa, wanapata fikra na wanapata maneno ya mtihani. Ukiwalazimisha Kifaransa tangu mwanzo, watanakili ubao, na utafikiri wameelewa.

Wabishane vipi wakiwa 64? Madawati yasikutishe. Dawati la mbele ligeukie la nyuma, na watatu kwa watatu unapata vikundi vya sita, vikundi 11 hivi. Kila kikundi kiwe na msemaji, na msemaji abadilike kila wiki, la sivyo wale wavulana wawili watatu wenye midomo watakuwa wasemaji mpaka Juni na wasichana watabaki kuwa waandishi. Hilo lisimamie kwa makusudi. Njia moja rahisi ilienezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, tangu mwaka 1991: unatoa swali lenye majibu manne, kila mwanafunzi anachagua peke yake, kisha anajaribu kumshawishi jirani yake, kisha wanachagua upya. Hapo Harvard baadaye walitumia vifaa vya umeme. Wewe tumia vidole vilivyowekwa kifuani, kimoja mpaka vinne, ili jirani asione. Kwa kutupa jicho mara moja unajua darasa limegawanyika wapi.

Maabara sasa. Ninakuonea huruma, lakini sikubali kwamba kukosa maabara ni kukosa sayansi. Mwezi wa pili wa staji, mtakapofika kwenye vimeng'enya, yaani vitu vya viumbe hai vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali, nunua munkoyo. Sisemi kinywaji chenyewe. Nunua mizizi ile inayouzwa sokoni kwa vifungu, ambayo bibi zetu wanaiponda na kuitia kwenye uji wa mahindi. Pika uji mzito nyumbani, uweke kwenye chupa ya thamosi. Fika darasani na vikombe vitatu vya plastiki, kichupa cha iodini ya vidonda kutoka famasi, mizizi mibichi iliyopondwa, na mizizi mingine ambayo jana yake uliichemsha dakika 20. Gawa uji ukiwa umepoa kiasi cha kuvumilika mkononi. Kikombe cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia mizizi mibichi, na cha tatu ile iliyochemshwa. Halafu mwite mwanafunzi mmoja akoroge kila kikombe na kusema anachokisikia kwenye kijiko.

Hicho kijiko ndicho somo. Uji wa kikombe cha pili unaanza kulegea, unadondoka kama maji, huku wa kwanza na wa tatu bado unang'ang'ania. Chovya tone la kila kimoja kwenye kisahani na udondoshe iodini: penye wanga, ambao vitabu vya darasa vinauita amidoni, panakuwa buluu nyeusi. Rudia baada ya kila robo saa, na kwenye kikombe cha pili buluu inazidi kufifia kuelekea udhurungi, maana vimeng'enya vya mzizi vinaukata wanga kuwa sukari. Kwa nini cha tatu hakikubadilika? Nyamaza hapo, na uhesabu mpaka tano. Atatokea msichana atakayesema bibi yake hatii munkoyo kwenye uji unaochemka. Joto kali linaharibu kimeng'enya, na bibi yule alilijua hilo kwa mkono wake kabla ya mjukuu kulisoma darasani. Lijaribu nyumbani mara mbili kwanza, kwa sababu nguvu ya mizizi inatofautiana na lazima ujue muda wako. Na uji wowote uliokaribiana na iodini umwagwe, mtu asiuonje.

Jiwe la kijani, malakiti, ambalo kila mtoto wa Lubumbashi amewahi kulishika, nalo ni zuri: ukilipasha moto linageuka jeusi, linatoa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi, na njia ya kwenda kwenye shaba iko wazi. Ila hilo linataka moto mkali, uwanjani, na mtu mwingine mzima karibu yako. Usilifanye peke yako wiki za kwanza. Asidi usibebe shuleni kabisa bila msimamizi wako kujua.

Sasa kipaji. Mwaka 1986 Lee Shulman, profesa wa Marekani, aliandika jambo ambalo walimu wazuri walilijua bila kuwa na jina lake: kujua kemia ni kitu kimoja, na kujua mtoto atajikwaa wapi kwenye kemia, na mfano upi utamnyanyua, ni elimu nyingine, ambayo ni ya mwalimu peke yake. Elimu hiyo hakuna anayezaliwa nayo. Inapatikana kwa kufundisha kidogo, kutazamwa, kurekebishwa na kufundisha tena. Mwaka 1963 chuo kikuu cha Stanford kilianza kuwafunza walimu namna hii: somo la dakika tano, mbele ya wanafunzi wanne au watano, ufundi mmoja tu kwa wakati, kisha maoni, kisha somo lile lile tena kwa watoto wengine. Hiyo unaweza kuifanya wiki hii hii mtaani kwenu.

Kusanya watoto watano wa darasa la saba na la nane, Jumamosi, chini ya mwembe. Wiki ya kwanza jizoeze kitu kimoja: kuuliza na kusubiri. Weka simu pembeni irekodi sauti. Usiku sikiliza na saa mkononi, uhesabu sekunde zako za kusubiri, na uandike ni mara ngapi ulijijibu mwenyewe. Itakuuma kidogo kujisikia. Kila mmoja wetu imemuuma. Wiki ya pili rudia somo hilo hilo kwa watoto wengine. Wiki ya tatu jizoeze sijui: waombe wenzako wawili wa chuo wakae kati ya watoto na wakuulize maswali magumu makusudi. Wiki ya nne fanya munkoyo. Wenzako hao ni wa muhimu kuliko unavyofikiri. Ng'ambo tu hapo, Zambia, walimu wa sayansi wa Mkoa wa Kati walianza mwaka 2005, kwa ushirikiano na Wajapani, kuandaa somo pamoja: mmoja anafundisha, wengine wanakaa wakiwatazama wanafunzi, kisha wanalirekebisha somo na mwingine analifundisha. Zingatia wanamtazama nani. Wanawatazama wanafunzi. Anayekosolewa hapo ni somo, ambalo ni la wote, na mwalimu aliyesimama mbele anabaki na heshima yake.

Na kama chuo chenu kinakubali, omba kusaidia mazoezi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chuo kikuu cha Colorado huko Boulder, Marekani, kina mpango wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: wanafunzi wanaongoza vikundi vidogo vya wenzao, wanakutana na profesa kila wiki kuandaa, na wanasoma kidogo kuhusu namna watu wanavyojifunza. Wengine waligundua hapo kwamba wanataka kuwa walimu. Kuongoza watu wanane unaowazidi miaka miwili ni daraja zuri kabla ya 64.

Umeuliza kuhusu kubadilisha njia, na sitaki kukudanganya. Mwalimu kijana wa Kongo anaweza kufundisha muda mrefu akingoja kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, akiishi kwa mchango wa wazazi. Hiyo ni sababu ya kweli ya kufikiri mara mbili, na ukiacha kwa ajili hiyo sitakulaumu. Kuna pia anayegundua, baada ya miezi miwili, kwamba hapendi kukaa na vijana. Huyo heri aondoke mapema, kwa faida yake na yao. Lakini kuacha kwa sababu ya kicheko kimoja na sauti ndogo, hapana. Kama 64 wanakutisha mno, muulize msimamizi wako kama unaweza kuanza na darasa la saba au la nane kwa wiki mbili. Si aibu, ingawa ujue kwamba wadogo wana kelele zaidi, na wanafunzi wakubwa, hata wa miaka 20, ambao pengine unawaogopa, mara nyingi ndio wanaotaka somo liende, kwani mtihani wao uko mlangoni.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na hapo utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo. Usiendelee kuisukuma wala kunong'ona, maana kunong'ona nako kunaichosha. Ukiona hulali, tumbo linakukata kila asubuhi ya somo, na halipoi baada ya wiki mbili tatu, ongea na msimamizi wako au mtu wa afya, mapema. Mwanafunzi akikutishia, au mwalimu au kiongozi yeyote wa shule akikutaka kwa jambo lisilo la kazi ili akupe pointi, usibaki nalo peke yako hata siku moja: andika tarehe na maneno, umpelekee msimamizi wa staji chuoni, na uende na mwenzako. Mtoto akikueleza siri ya kuumizwa nyumbani, usimwahidi kwamba hutasema. Mpeleke kwa mkurugenzi wa masomo au kwa prefe, mkuu wa shule, ukikaa naye mpaka asikilizwe.

Halafu yule mvulana wa digrii 96. Shule ikiwa ni ile ile, mtafute siku ya kwanza. Mwambie mbele ya wenzake kwamba mjomba wake alisema kweli, na umuombe aje na kipimajoto cha mjomba kama kitapatikana. Wewe lete mbabula na sufuria.